Mpangaji Hachimbi Kaburi

Baba yangu alikuwa mpangaji Bukavu kwa miaka ishirini na sita, na hakuwa maskini. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa miji mingine wakisikia mtu amezeeka akiwa mpangaji, humwonea huruma au humshuku ulevi. Baba hakugusa hata kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo kwetu hata mashemasi huionja. Alikuwa katibu katika ofisi ya chuo, alipiga taipu barua za wakubwa, alivaa tai hata Jumamosi, na huko Nyantende, kijijini kwao, alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati na madirisha ya vioo. Katika nyumba hiyo aliishi mama yake peke yake. Sisi wenye nyumba tulikuwa saba ndani ya chumba kimoja na sebule, nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, mtaa wa Kadutu.

Hatukuwa peke yetu. Kwenye njia yetu karibu kila mpangaji alikuwa na nyumba kijijini iliyokuwa nzuri kuliko aliyopanga mjini. Huyu yake ilikuwa Nyangezi, yule Kabare, mwingine Idjwi ng'ambo ya maji. Jumapili baada ya misa wanaume walisimama barabarani wakijadili bei ya misumari ya nyumba ambazo walilala ndani yake siku sita kwa mwaka. Mjini walikuja kutafuta, na anayekuja kutafuta hajengi. Mtu hujenga pale atakapozikwa. Baba zetu wote waliwaza hivyo, wasomi na wasiosoma, na hakuna aliyeliona kuwa ni kosa mpaka vita vilipotufikia.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu Bushi, nchi ya sisi Washi, la sivyo yanayofuata yataonekana ni ukaidi mtupu. Ardhi kwa desturi yetu hupatikana kwa njia mbili. Ukitoa ng'ombe kwa mwenye mamlaka ya pale, unapewa kalinzi, yaani ardhi yako na ya watoto wako, na hapo unapanda migomba. Ukiazima shamba la mtu kwa msimu tu, hiyo ni bwasa: utapanda maharage, utapanda viazi vitamu, utavuna na kuondoka, lakini mgomba hupandi. Mgomba unadumu. Anayepanda mgomba kwenye shamba la kuazima anatangaza, bila kufungua mdomo, kwamba shamba sasa ni lake, na watu wamechomoleana mapanga kwa sababu hiyo. Kaburi ni tangazo kubwa zaidi, maana mgomba unaweza kukatwa.

Basi baba, aliyekuwa na kalinzi yake Nyantende, aliishi mjini kama mtu wa bwasa. Hakupigilia msumari ukutani bila kumwomba ruhusa mwenye parsele. Parsele ndiyo jina letu la kiwanja chenye nyumba, na mwenye hiyo yetu alikuwa mzee mjane aliyestaafu kazi ya mashamba ya chai. Alikaa nyumba ya mbele, alisikiliza redio kwa sauti kubwa, na alimpenda baba kwa sababu baba alimwandikia barua zake bila kumcheka kwa kutojua Kifaransa. Mara mbili nilimsikia akimwambia anunue nusu ya nyuma.

"Papa, kamata hii upande ya nyuma," alimwambia. "Batoto yangu iko Kinshasa, habana haja nayo. Weye unaijua kuliko bo."

"Aksanti sana, muzee," baba alijibu. "Lakini miye niko na kwetu."

Mama alikuwa ndani akichambua maharage, na ukuta wetu haukuzuia neno. Mara ya pili nakumbuka mkono wake ulitulia ndani ya ungo, kisha ukaendelea. Mama alizaliwa Bagira, mtoto wa mjini. Kwake Nyantende palikuwa mahali pa kwenda Noeli na kurudi na matope mpaka magotini. Alitaka nyumba mjini, hata ya mbao, hata kwenye mteremko, mradi tu apande kitu mlangoni bila kuomba. Mimi siku ile nilikuwa na miaka kumi na nilimkasirikia baba kwa niaba yake, na kusema kweli hasira hiyo haijaisha.

Mwaka wa 1996, mwezi wa Oktoba, vita vilipanda kutoka upande wa Uvira. Watu wa Nyangezi walianza kuingia mjini na magodoro kichwani, na baada yao watu wa Nyantende. Bibi alifika kwa miguu, na fimbo na kifurushi cha mbegu za maharage, amefunga mlango wa nyumba ya baba na kuleta ufunguo. Dawa zake za pumu alizisahau. Nimemfikiria mara nyingi, mwanamke aliyekumbuka mbegu na ufunguo akasahau pumzi yake, na siwezi kumlaumu. Angeulizwa kipi ni muhimu, angejibu hivyohivyo.

Risasi zilipofika mjini tulilala chini sakafuni, sisi wanane sasa, na vumbi la chokaa likitudondokea. Bibi hakuweza kulala chini. Alikaa ameegemea ukuta, akivuta pumzi kwa sauti ambayo mdogo wangu alijaribu kuiiga, akapigwa kofi. Siku ya tatu asubuhi sauti ile ilikoma. Hakuna risasi iliyomgusa.

Baba alikaa naye kama saa nzima. Nyantende ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini siku ile Nyantende ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Makaburi ya mji yako upande wa Ruzizi, na huko ndiko milio ilikotokea. Hakukuwa na pa kumpeleka. Hapo baba akavaa tai. Mama alimtazama akiifunga. Baba alivuka ua akiwa ameinama, akabisha kwa mwenye parsele, na mimi nikamfuata kwa sababu hakuna aliyenikataza.

Alisimama mbele ya mzee na hakuweza kuanza. Mzee ndiye aliyeanza.

"Nilisikia," alisema. "Pole, papa. Unakuja kuomba kitu kenye mulokateri haombake." Mulokateri ndilo neno letu la mpangaji.

"Siombe parsele, muzee. Naomba fasi ya mama tu."

Mzee pia alikuwa Mushi, alijua anachoombwa. Angeweza kukataa na hakuna mtu wa kwetu ambaye angemlaumu. Mwishowe alisema tuchimbe nyuma ya jiko, pale udongo ulipokuwa laini, lakini kwa masharti. Hakuna msalaba. Hakuna simenti. Hakuna mgomba wala mti wowote. Na hakuna mtu atakayeambiwa, kwa sababu siku watoto wake watakapotaka kuuza, kaburi la mpangaji litakuwa kesi. Amani ikirudi, tungemtoa na kumpeleka kwake. Baba akaapa, na akanigeuza kwa bega ili na mimi niape.

Tulimzika kabla ya saa sita, milio ilipotulia kidogo. Mama alimfunga kwa kikwembe, kitenge chake cha harusi, cha kijani, ambacho alikuwa amekivaa mara nne tu. Baba na mzee walichimba kwa jembe moja, wakipokezana, na hawakuchimba kina kirefu. Tulisali kwa kunong'ona. Kisha mzee akaenda ndani, akarudi na mbegu za lengalenga, zile mboga za majani za kila siku, akazimwaga juu ya udongo na kuzisawazisha kwa mguu. Mboga za msimu mmoja, ambazo hata mtu wa bwasa anaruhusiwa kuzipanda. Ilikuwa akili, na ilikuwa huruma pia, lakini baba aligeuza uso.

Lengalenga zilistawi sana. Jirani mmoja alipita, akazisifu, akaomba achume kidogo kwa ajili ya watoto. Mama angesema nini? Alimchumia yeye mwenyewe, akamjazia sahani, akaingia ndani na kulia.

Baada ya mwezi baba alifanya jambo ambalo hatukutegemea: alikwenda kwa mzee kumwomba amuuzie upande wa nyuma. Miaka yote aliyokataa, leo aliomba. Mzee alisikitika kwa dhati.

"Papa, nilikupatia mara mbili," alisema. "Sasa sitaweza. Batoto yangu batasema kaburi ndiyo ilikamata parsele, na itakuwa bulongo yangu ndiyo ilitoka juu ya bongo."

Alimaanisha ardhi yake ingeondoka kwa uongo, na alikuwa na haki. Baba alirudi, akaketi kitandani, akavua viatu. Kuanzia hapo Nyantende ikakaa akilini mwake kwa namna nyingine. Haikuwa tena mahali atakapozikwa yeye. Ilikuwa mahali anapodaiwa na mama yake. Alisema tungesubiri kiangazi, udongo ukauke, barabara itulie. Kiangazi kilikuja, barabara haikutulia. Nyumba ya huko ilikwisha kung'olewa mabati, na ufunguo bado tulikuwa nao.

Vita vya pili vilipoanza mzee alikuwa tayari mgonjwa. Alipokufa, binti yake alikuja kwa haraka kuuza, na ndugu zake wakaleta maneno kwamba asiuze. Mtu akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: PARSELE HII HAIUZISHWE. Mjini kwetu ukiona maandishi hayo ujue mnunuzi amekwisha kupatikana. Naye alikuwa amepatikana: mfanyabiashara wa vitenge kutoka Walungu, mtu wa misa ya kwanza, mpole, aliyekuja na mita yake kupima ua kwa ajili ya anekse, vile vyumba vya uani ambavyo kila mwenye parsele alianza kuvijenga ili apangishe, kwa sababu vijiji vilikuwa vikihamia mjini na kila pembe ya ardhi ikawa chumba.

Nilimwambia baba, "Mwambie." Mama alimwambia vilevile. Baba alisema aliapa kwa marehemu. Tena nani angemwamini? Wakati ule kila juma tulisikia mtu anazua haki juu ya kiwanja cha mwenzake: huyu ana barua, yule ana shahidi, mwingine ana mti wa babu yake. Mpangaji anayesema ana kaburi uani angeonekana mjanja kuliko wote. Binti wa marehemu angekosa fedha zake, sisi tungefukuzwa, na bibi angebaki palepale. Baba aliamua tungemtoa wenyewe mwanzoni mwa kiangazi, kabla fundi hajaanza.

Wiki mbili kabla, Kadutu ikawaka risasi tena, na mama akatuchukua sote, na baba, kwa boti hadi Idjwi, kwa dada yake. Tulikaa kule majuma matatu tukila samaki na kusikiliza ng'ambo. Tuliporudi, msingi wa anekse ulikuwa umekwisha kufika magotini, mawe yamepangwa vizuri, na mahali pa lengalenga palikuwa ndani ya chumba cha mwisho, upande wa pembe.

Baba alimwendea fundi. Nilikuwa nimebeba jagi la maji.

"Mulipochimba, mulikutaka kitu?"

"Majiwe tu, papa," fundi alisema, na akaendelea kuchanganya simenti.

Mwaka huohuo mama alikuwa amepata kiwanja mtaa wa Panzi. Kidogo, cha mama mmoja wa kanisani, chenye mparachichi na nafasi ya bustani, na baba alikuwa na fedha zake alizokuwa akiweka kwa ajili ya mabati ya Nyantende. Zingetosha. Mama alimpeleka kukiona, akamwonyesha mlango utakuwa wapi. Baba alikiri ni kizuri. Jioni ile alikwenda kwa mwenye parsele mpya, akaomba apangishiwe chumba cha mwisho cha anekse.

Chumba hicho kilikuwa kidogo kuliko tulichokuwa nacho, na ghali zaidi kwa sababu kilikuwa kipya. Majirani walifikiri baba amerukwa na akili. Alitaka tu mgeni asilale juu ya mama yake. Mama alimwambia, na ni mara ya pekee niliyomsikia akipandisha sauti: "Balio hai nabo balale wapi?" Fedha za mabati zikaenda kwenye kodi ya chumba, mwezi baada ya mwezi, na kiwanja cha Panzi kikanunuliwa na mtu mwingine.

Tuliishi humo miaka minne. Baba aliweka sheria: pembe ile haiwekwi kitu. Wala kitanda, wala makaa, wala ndoo, wala ufagio usiegemezwe. Kwa hiyo tulijibana upande mmoja, wasichana watatu kitanda kimoja, wavulana chini ya meza, na theluthi ya chumba ikakaa wazi kana kwamba tumetajirika. Wageni waliuliza. Tulisema kuna unyevu. Baba alisali pale rozari ya Ijumaa akiwa amepiga magoti kwenye saruji, na nakiri kwamba kuna Ijumaa nilizomchukia. Nilikuwa msichana mkubwa, navaa nguo zangu nyuma ya pazia la shuka, na bibi aliyenipenda sana akiwa hai alikuwa na nafasi kubwa kuliko mimi.

Jumapili moja, baada ya misa, mwenye parsele alibisha hodi. Mwanawe alikuwa anaoa, alikihitaji chumba. Alisema kwa adabu, akatoa miezi mitatu. Baba alimkaribisha kiti. Nilimwona akimtazama mama, na mama akaitikia kwa kichwa, na hapo nikajua atasema.

"Papa, sitaweza kutoka bila kukuambia," baba alisema. "Mu chumba hii, kwa ile pembe, mama yangu iko chini. Nilimuzikaka mu vita ya kwanza. Muzee alinipatiaka fasi. Nilificha kwa sababu niliapa. Siombe parsele. Ninaomba tu unipatie ruhusa nivunje simenti nimutoshe."

Mwenye parsele hakushangaa. Aliomba maji. Mama alimpa, akayanywa yote, akaendelea kushika kikombe.

"Haiko pale," alisema.

Baba aligeuka kutazama ile pembe.

"Bafundi balimukutaka siku ya kwanza. Nilikuwa nimenunua, makaratasi haiyatoka bado. Nikaogopa, papa. Nikasema mwenye kaburi akitokea, parsele imeenda. Weye ni Mushi, unaelewa." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikumutupa. Nilinunua shuka ya mupya. Nilituma katekista. Balimupeleka Ruzizi, kwa makaburi, bakamusalia. Fundi nilimukataza kusema."

"Ruzizi fasi gani?"

"Sikuendaka. Fundi alikimbiaka, siko najua iko wapi. Katekista alirudiaka Shabunda. Habakuweka musalaba, nilibakataza."

Baba aliinamisha kichwa. Alikuwa na mambo mengi ya kuuliza na aliuliza moja tu.

"Balimusalia kwa jina gani?"

"Hatukuwa najua jina. Tuliona kikwembe, tukajua ni mwanamuke. Katekista alisema tu: mama mumoja."

Sikumchukia yule mtu. Nilijaribu, nikashindwa. Aliogopa kile ambacho sisi tuliogopa, na kwa sababu ileile. Kila mmoja alimficha mwenzake kaburi lilelile, na miaka minne tulilipia sakafu tupu. Baba alimwambia jina la mama yake, la ubatizo na lile la kwao, taratibu. Mwenye parsele akalirudia mara mbili ili alishike, akasema atamwombea misa. Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlango wa ua, kama desturi inavyotaka.

Aliporudi alikaa. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba. Nilidhani atalia, au atamwambia kuhusu Panzi, au yote ambayo mimi ningeyasema kama ningekuwa mke wake. Badala yake alikwenda kwenye kitanda chetu sisi wasichana, akashika ubao wa kichwani, akaanza kukivuta kuelekea pembe ile. Kilikuwa kizito, miguu ikakwaruza saruji na kukwama. Baba alimtazama kidogo. Kisha akavua koti lake la misa, akalitundika, akainua upande wa pili.